Msinywe Bado

Asubuhi ya siku aliyopangiwa kuposwa, kabla chai haijachemka, Rwamba alikuwa tayari anatamani kumnyonga mwanamume aliyempenda kuliko wanaume wote wa Embu na Meru ukiwaweka pamoja.

Haikuanza hivyo. Aliamka vizuri kabisa, kwa kelele za shangazi zake jikoni, hapa kwao Karurumo, upande wa Embu, wakibishana kama mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi, unataka majani mengi ya malenge au machache. Ukungu ulikuwa bado umeilalia mibuni ya kahawa ya baba yake. Alijitazama kwenye kioo, akajiambia kwamba leo jua likitua atakuwa mchumba rasmi wa Mwongera, akacheka peke yake. Ndipo simu ikalia.

Alikuwa Gatakaa. Huyu Gatakaa ni fundi cherehani, mpangaji katika ploti moja ya vyumba vya kukodi huko Kinoru, mjini Meru, nyuma ya uwanja wa michezo. Ploti hiyo ni ya Mama Kathambi, na Mama Kathambi ndiye mama mzazi wa Mwongera. Shika hapo, maana ndipo moto ulipo.

"Rwamba, uko wapi?"

"Niko kwetu. Si nilikwambia leo ndiyo wageni wanakuja?"

"Najua. Ndiyo maana nimepiga kabla hawajafika." Gatakaa alivuta pumzi. "Nilitaka kukuuliza kitu kimoja tu. Sisi wapangaji ndio tumetolewa sadaka ya harusi yako?"

"Sadaka? Unasema nini, Gatakaa?"

"Waya wa sola umetolewa. Vyumba vyote. Tangu Alhamisi yale majiko ya stima ni mapambo. Mimi nimerudi kwa stovu ya mafuta, nguo za wateja zinanuka mafuta taa, na ni chumba hicho hicho nashona, napika na kulala. Lakini nyumba kubwa, kwa Mama Kathambi, woi! Maji moto bafuni, taa mpaka kwa banda la kuku. Kuku wanalala na taa, Rwamba, sisi tunalala na moshi."

Rwamba alikaa juu ya gunia la viazi. "Nani ameutoa?"

"Hilo muulize mchumba wako," alisema Gatakaa, na simu ikakatika.

Hebu turudi nyuma kidogo, tusije tukamlaumu mtu bure. Rwamba alikuwa anasomea shahada ya pili Nairobi. Mwaka huo alichaguliwa kwa feloshipu ya likizo ndefu, mpango unaolipia utafiti na vifaa vyake, Juni hadi Agosti, na kazi aliyopewa ilikuwa hii: kutafuta namna nishati safi itakavyomfikia mtu wa mjini anayekaa nyumba ya kupanga. Maana mwenye nyumba yake akitaka sola ananunua, anapachika, mambo yanaisha. Mpangaji hana paa. Ana chumba, ana mita moja anayogawana na ploti nzima, na ana onyo la mwenye nyumba lililobandikwa ukutani kwamba kupika kwa stima ni marufuku. Basi anapika kwa makaa, anakohoa, na kodi analipa. Jambo hilo lilimkera Rwamba kiasi kwamba aliliongea hata akiwa usingizini.

Alizunguka Meru nzima akiomba mwenye ploti mmoja tu akubali. Wengi walimcheka. Mama Kathambi hakucheka. Alisema paa lake lichukuliwe, paneli ziwekwe, na kila chumba kiwe na waya wake na jiko lake la stima. Alisema hayo amesimama uani, wapangaji wote wakisikia. Wengine siku hiyo hiyo waligawa majiko yao ya makaa kwa ndugu zao huko mashambani. Gatakaa alilipeleka lake kwa dada yake mjini Maua.

Na fundi wa kupachika paneli alikuwa nani? Mwongera. Mrefu, mpole, mikono imejaa makovu ya kazi. Siku ya kwanza alimwona Rwamba akipanda ngazi na daftari mdomoni, akamwambia, "Dada, shika ngazi, daftari halitakudaka." Rwamba alimtazama ili amjibu jeuri. Jeuri ikamtoroka, na macho yakakataa kutoka. Wiki nzima walikaa juu ya lile paa wakifanya kazi ya siku mbili. Mwongera akaanza kumwita Nkatha, jina la mapenzi ambalo Mmeru hampi msichana anayepita njia. Kufikia Agosti hakuna aliyekuwa na shaka, hata kuku wa pale walijua.

Hapo ndipo Mama Kathambi alipokosea, na alikosea kwa moyo mweupe. Mara tu mwanawe alipomwambia anataka kumchumbia Rwamba, zile paneli zikabadilika machoni pake. Kwao msichana akiolewa huja na vyake. Huyu alikuja na vyombo, yule blanketi, yule cherehani. Mkaza mwana wake yeye amekuja na sola! Jumapili iliyopita alisimama kanisani kutoa ushuhuda, akamshukuru Mungu kwa mke wa mwanawe aliyeleta jua mpaka mlangoni, na akina mama wakapiga makofi. Vitu vya mkaza mwana vikae nyumba ya wapangaji kwa nini? Akaagiza waya uvutwe nyumba kubwa. Rwamba alikuwa amekuja Karurumo kusaidia maandalizi, hakusikia lolote.

Sasa alikuwa amesikia.

Magari ya Wameru yalifika saa nne na kitu, yakipiga honi tangu barabarani. Akina mama walishuka na viondo vizito na nyimbo. Shangazi za Rwamba wakawafungia lango kama desturi, wakaimbiana, wakataniana, lango likafunguliwa. Mama Kathambi alitangulia, kanzu yake ya kijani inang'aa, kibuyu cha uji wa wimbi kimefungwa leso mpya. Familia zote mbili ni za kanisa, kwa hiyo pombe ya asali ya zamani ilikuwa imeachwa na uji ukachukua nafasi yake. Aliusaga wimbi ule mwenyewe. Alipomwona Rwamba dirishani alimpungia mkono kwa furaha ambayo haikuwa na hila hata chembe, na hilo ndilo lililomuuma Rwamba zaidi.

Mwongera alikuwa nyuma, ndani ya suti ya bluu. Macho yao yalikutana. Alitabasamu. Rwamba hakutabasamu, alimwonyesha kwa kichwa upande wa mibuni.

Walikutana nyuma ya tangi la maji.

"Nkatha wangu," Mwongera alisema akimshika mkono, "umependeza mpaka naogopa."

"Ogopa. Nani ametoa waya Kinoru?"

Mkono ulilegea. Mwongera aliangalia viatu vyake vipya. "Ni fundi."

"Fundi gani?"

"Si fundi tu..."

"Meru ina mafundi wengi, Mwongera. Nitajie jina."

Kutoka uani zilisikika nyimbo na vicheko.

"Ni mimi," alisema.

Rwamba alikuwa amejua. Alikuwa amejua tangu simu ilipokatika, lakini kujua na kuambiwa ni vitu viwili. Machozi yalimjaa, akayakataa.

"Waya ule tuliuvuta pamoja. Nilikushikia koleo. Uliniambia hiyo ndiyo kazi ya maana kuliko zote umewahi kufanya."

"Skiza, Nkatha. Mama alilia. Alisema ndugu zetu watapitia pale kwanza kabla ya kuja huku, anataka waone boma liko sawa. Akaniambia ni mpaka posa ipite tu. Ningerudisha Jumatatu."

"Umewahi kuona kitu mama yako amekishika kikarudi?"

Mwongera alitaka kucheka, akajizuia. "La."

"Na Jumanne nasimama mbele ya Maxine na jopo lake lote." Maxine ndiye aliyekuwa msimamizi wa feloshipu, na Jumanne ilikuwa siku ya ripoti ya mwisho. "Nitawaambia nini? Kwamba tumewapa kuku nishati safi?"

"Picha unazo," Mwongera alisema kwa sauti ya chini. "Zile za mwezi wa saba, vyumba vyote vinapika. Waonyeshe hizo. Nani atakuja Kinoru kuchungulia?"

Rwamba alimwangalia kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

"Unataka nidanganye."

"Nataka nikuoe! Leo sema ndiyo tu, basi. Ukishakuwa mke wangu utakuwa na sauti ndani ya lile boma. Utamwambia mama mwenyewe, na atakusikiza."

"Nikishakuwa mke wako nitaambiwa hayo ni mambo ya nyumbani, nisiyatoe nje. Unajua hivyo. Leo ni mara ya mwisho mama yako kunisikia nikiwa mtu wa nje." Sauti ilimtetemeka. "Mwongera, mimi nakupenda mpaka nakasirika. Nikilala nakuona, nikiamka nakuona. Lakini Gatakaa aligawa jiko lake kwa sababu niliketi kitandani pake nikamwambia aniamini. Nitalala vipi kwa nyumba yenye maji moto, na ukuta wa pili yeye anakohoa?"

"Kwa hiyo utafanya nini?"

"Sijui. Ila usinihesabie ndiyo kabla hujaisikia."

Akamwacha hapo kwenye mibuni na suti yake.

Chini ya hema watu walikuwa wameketi pande mbili, Embu huku, Meru kule. Katika mikutano kama hii kijana anayeposa hasemi neno. Wazee wake ndio mdomo wake. Msichana naye hasemi, isipokuwa mara moja. Uji ukishamiminwa, huitwa mbele ya wote aulizwe kama wazee wake wanywe. Akisema nyweni, amekubali kuolewa. Kusema kweli swali hilo siku hizi ni mapambo. Hakuna aliyekumbuka msichana aliyewahi kujibu vingine, na kamera huwa zimeshawashwa kungojea vigelegele.

Mzee Nthiga, baba mdogo wa Rwamba, ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumbani. Mtu wa maneno matamu, kitambi chake kimemtangulia. Aliinua kata ya uji juu.

"Rwamba, mwanangu, njoo. Watu hawa wametoka Meru, wanasema wameona kitu kizuri hapa kwetu. Wametuletea uji. Mimi na baba yako tuna kiu sana, na koo langu unalijua." Watu wakacheka. "Sasa tunakuuliza. Tunywe?"

Rwamba alisimama katikati ya hema. Alimwona mama yake, Njura, akijifuta machozi ya furaha. Alimwona Mama Kathambi ameketi ukingoni mwa kiti, midomo imeshaanza kujikunja kwa kigelegele. Alimwona Mwongera, na Mwongera alikuwa anamwomba kwa macho.

"Msinywe bado," alisema.

Kigelegele kimoja kilichokuwa kimeanza kilikatika katikati. Mzee Nthiga alidhani hakusikia vizuri.

"Ati?"

"Nimesema msinywe bado, Baba Mdogo."

Hapo sasa! Hema lilivuma. Njura aliinuka akamvuta binti yake mkono. "Mwanangu, una wazimu? Sema nyweni tukae chini! Utatuua kwa aibu."

"Mama, nimeulizwa. Kama hamkutaka jibu, mbona mmeniuliza?"

"Mwacheni aseme," ilisema sauti nzito. Alikuwa baba yake, Mzee Kithaka, mtu ambaye kwa mwaka mzima huenda akasema maneno ya kujaza kikombe kimoja.

Rwamba alimgeukia Mama Kathambi, akakunja magoti kidogo kwa heshima.

"Mama, naomba nikuulize jambo, na usinione mtovu wa adabu. Zile paneli zilizo juu ya paa lako ni za nani?"

Mama Kathambi alishangaa kwa dhati. "Si ni zetu? Ni zako, na wewe ni wetu. Mwari akija kwa mume huja na vyake. Mimi nilikuja na sufuria na blanketi moja. Wewe umekuja na jua. Nimekushukuru mpaka madhabahuni. Nimekosea wapi, mwari?"

Akina mama wa Meru waliguna kumwunga mkono, na hata wa Embu wengine walitikisa vichwa. Rwamba alihisi moyo wake unayeyuka. Ingekuwa rahisi kama mama huyu angekuwa mwovu. Alikuwa anampenda, na alikuwa anamdhulumu mtu mwingine kwa mapenzi hayo hayo.

"Mama, mimi sijaja kwako. Ningali hapa kwa baba. Na zile paneli si zangu. Zingekuwa zangu ningekupa zote na ngazi juu. Zililetwa kwa ajili ya watu wanaokaa vyumba vyako, kwa sababu hawana paa."

"Paa ni langu!"

"Ni lako. Ndiyo maana nilikuja kukuomba. Ukakubali, ukasimama uani ukawaambia wao wenyewe. Watu waligawa majiko yao kwa sababu ya neno lako, Mama. Leo wamerudi kwa moshi, na ni mimi wanayeniuliza."

Uso wa Mama Kathambi ulibadilika. Alisimama, na alikuwa mwanamke mkubwa akisimama. "Kwa hiyo unaniaibisha mbele ya watu wa makabila mawili kwa ajili ya wapangaji? Mpangaji leo yuko, kesho amebeba godoro amehama! Mimi ndiye utakayezeeka naye. Mimi ndiye utakayenizika!"

"Ndiyo maana nasema leo," Rwamba alijibu, na sasa machozi yalikuwa yanashuka waziwazi. "Ili tusizeeke tukichukiana. Nikinyamaza leo, nitanyamaza mpaka siku hiyo ya kukuzika, na sitakuwa nakupenda. Nataka nikupende, Mama."

Msemaji wa Meru alikohoa. "Msichana huyu ana mdomo," alisema kwa jirani yake, kwa sauti iliyomfikia kila mtu.

"Ndiyo, ninao," Rwamba alisema. "Ungekuwa hautakiwi ningeambiwa niuache ndani ya nyumba. Huu ndio mdomo uliotakiwa useme nyweni."

Mzee Nthiga aliingilia haraka, kata bado iko hewani. "Jamani, jamani. Haya ni mambo ya kazi. Tunywe kwanza, ya kazi yaongewe Jumatatu ofisini."

"Nthiga." Mzee Kithaka hakuinuka. "Weka hiyo kata chini. Msichana ameulizwa, amejibu. Kwangu hatuulizi mtu mara tatu mpaka tupate jibu tunalolitaka."

Kata ikawekwa chini.

Mama Kathambi alipumua kwa nguvu. Alimtazama Rwamba kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Na nisiporudisha?"

Rwamba alijifuta uso kwa kiganja. "Nitakuja Kinoru na ngazi yangu, nizishushe mwenyewe, nizipeleke ploti nyingine. Na mwanao nitampenda mpaka nizeeke, maana hilo sina uwezo nalo. Lakini mke wake sitakuwa."

Aliposema hivyo aliogopa. Alisikia maneno yake mwenyewe yakizunguka hema, akajua hayarudi. Kule upande wa Meru kiti kilikwaruza.

Mwongera alikuwa amesimama.

"Keti," mjomba wake alimnong'oneza, akimvuta koti. "Wewe husemi leo."

"Nitasema." Koti lilimbakia mjomba mkononi. Mwongera alisimama na shati lake jeupe. "Waya ule niliutoa mimi. Msimlaumu mama peke yake. Nilijua si haki. Nilijua tangu naufungua, mikono yangu ilikuwa inajua. Mama aliniomba na mimi sijui kumkatalia, sijawahi kujua tangu nizaliwe. Halafu leo asubuhi nikamwambia Rwamba adanganye ili mimi nisione aibu." Alimgeukia Mzee Kithaka. "Baba, naomba radhi. Kabla sijarudi kuomba binti yako, nina kazi niliiharibu. Naenda kuitengeneza."

"Mwongera!" Mama Kathambi alifoka. "Ukigusa lile paa, kitanda chako katika nyumba yangu utakitafuta nje!"

Mwongera alifumba macho kidogo, kama mtu anayemezeshwa dawa chungu. Kisha akatoka chini ya hema bila kukimbia na bila kugeuka.

Rwamba alimfuata. Waseme watakavyosema, walikuwa wameshasema. Alimkuta langoni akimpungia bodaboda amfikishe stendi ya Runyenjes.

"Umeniumbua mbele ya ukoo mzima," Mwongera alisema.

"Nimekuumbua."

"Na bado nakupenda. Sijui nina ugonjwa gani." Alicheka bila furaha. "Unajua mama hatishi bure. Atanifukuza kweli. Nitaenda wapi?"

"Kodi chumba. Kile kilicho kando ya Gatakaa kilihamwa."

"Hakina stima."

"Wewe si fundi?"

Mwongera alimtazama. Hasira zilikuwa zimemjaa, na aibu, na chini ya hayo yote kitu kingine kikaanza kupanda, akakiachia. Alicheka, safari hii kwa kweli. Alimshika uso kwa viganja vyote viwili mbele ya bodaboda na shangazi wote waliojipanga kwenye ua kuchungulia. Hakumbusu. Alimtazama tu, kisha akapanda pikipiki akaenda. Haukupita muda gari la Mama Kathambi nalo likatoka langoni kwa mwendo wa kutisha, kibuyu mapajani mwake, uji umejaa vilevile.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Wageni waliobaki walikula kwa adabu, wakaaga kwa adabu. Shangazi hawakuwa na adabu yoyote.

"Nani atakuja kukuoa tena, ukishasikika mpaka Meru kwamba unakataza wazee kunywa?"

"Asiyeweza kusikia asije," Rwamba alijibu, akiosha sufuria.

"Umemwacha mtu mzuri kwa sababu ya waya!"

"Sijamwacha. Nimemngoja."

"Na asiporudi?"

Rwamba aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata zamani, na alilia bila kujificha, maana alikuwa anampenda, na kuwa na haki hakupunguzi maumivu hata kidogo. Alifikiria Jumanne, na jopo, na sentensi ambayo ingebidi aiseme: kwamba alishindwa. Alifikiria mikono yenye makovu. Njura alikuja akaketi karibu naye, akachukua sufuria mikononi mwake taratibu, akaiweka kando. Alimvuta tu binti yake begani.

Jua lilikuwa linaelekea kilimani simu ilipolia.

"Rwamba!" Gatakaa alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake zilisikika kelele nyingine nyingi. "Umefanya nini? Hebu niambie umefanya nini huko!"

"Kwa nini? Kuna nini?"

"Mtu wako yuko juu ya paa! Kwa shati la harusi! Ametoa waya wa nyumba kubwa wote, anauvuta kwetu. Vyumba vya mwanzo vimeshawaka, changu ndicho kinafuata. Na mama yake yuko chini, ameshika ngazi, anasema ashuke sasa hivi ama asahau kuitwa mwanawe. Ploti nzima tuko nje. Watu wa barabarani wamesimama. Woi, Rwamba, mama analia, na yeye pia analia, lakini mikono haijasimama!"

Rwamba alisimama wima, mkono kifuani. Kupitia simu alisikia sauti ya Mama Kathambi, kali na iliyopasuka, ikiita jina moja tu, Mwongera, Mwongera. Kisha akasikia sauti ya mwanamume kutoka juu, mbali, isiyoeleweka.

"Anasema nini?" Rwamba aliuliza.

"Ameona nimeshika simu. Anauliza kama ni wewe." Gatakaa alipumua. "Anasema nikuulize. Mama amemwambia ni mara ya mwisho. Anataka kujua kama ashuke."

Njura alikuwa amemkazia macho binti yake. Shangazi wote walikuwa wamejazana mlangoni.

"Rwamba, unanisikia? Nimwambie nini?"

"Mwambie asishuke."